Mheshimiwa Aliyetaka Kuamkiwa na Chuma

Marahaba yake ilikuwa inafika kabla ya shikamoo yako. Ukikata kona ya msikiti pale mtaani kwetu Temeke, ukamkuta kwenye kiti chake cha plastiki mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, hata hujafungua mdomo ameshakujibu: "Marahaba, marahaba, hamjambo nyumbani?" Kuna siku nilipita makusudi nimebana midomo nione atafanyaje. Akaitikia vilevile. Nikasema moyoni, huyu mtu hahitaji wa kumsalimia, anahitaji wa kupita mbele yake tu.

Wakati huo alikuwa mwenyekiti wa mtaa, lakini tulishamwita Mheshimiwa, na jina lake likabaki kwenye kitambulisho. Baadaye akawa diwani, kisha mbunge, na cheo kikakuta jina limeshakisubiri. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sitaeleza, maana aliyaeleza mwenyewe kila aliposhikishwa kipaza sauti. Mimi namweleza kama nilivyomjua, fundi wa mashine, mtoto wa mtaa wake, niliyemhitaji kwa jambo moja tu maishani. Nilimwomba kwa adabu zote nilizofundishwa na mama yangu, na adabu hizohizo ndizo zilizoniponza.

Jambo lenyewe lilikuwa kaka yangu Salum. Salum alikuwa chura. Asiyewajua vyura wa Dar es Salaam ashukuru, maana yake anakaa kwenye nyumba inayofikiwa na gari la kunyonya majitaka. Kwetu gari haliingii. Vichochoro vyenyewe ukikutana na mtu ana ndoo kichwani, mmoja wenu lazima arudi nyuma. Choo kikijaa wanaitwa vyura. Wanachimba shimo pembeni, wanamwaga mafuta ya taa kuua harufu, wanatoboa ukuta wa choo, halafu mmoja anavua shati anashuka na ndoo. Wa kushuka alikuwa Salum, kwa sababu ni mwembamba. Akirudi nyumbani anaoga uani mara tatu, anajipaka mafuta ya nazi mwili mzima, na bado wifi yangu anamgeuzia mgongo. Mwenzake mmoja alishuka choo cha Tandika akavutwa juu ameshakata roho, maana hewa ya mle chini haimwachi mtu. Nilikwenda kwenye ule msiba, nikamwona Salum amekaa anatazama mikono yake, na nikarudi karakana kwangu Mikocheni nikiwa na kazi moja tu kichwani.

Nilimtengeneza Kobe. Mota za waipa za magari mabovu, mnyororo wa kutembelea, pampu ya matope, kamera, taa, na kipimo cha hewa mbaya. Mfupi, mpana, hana sura. Anashuka kwa kamba, anavuruga uchafu mgumu kwa maji, anausukuma juu kwenye pipa, na mtu amekaa kivulini anatazama kwenye simu. Jicho lake la mbele likiona kitu hatua moja kutoka alipo, anasimama mpaka umruhusu. Tulimjaribu kwenye tangi la matope wiki nzima. Salum alimzunguka, akampiga kofi la mgongo, akasema, "Huyu ndo mdogo wangu wa kweli. Nyie wengine mnanipenda kwa mdomo."

Kilichobaki ni kibali. Nikaenda ofisini kwa wanaotoa vibali, afisa akaitazama video yote, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sista, mashine iko poa. Ila hii roboti, na roboti haina sera. Nikikuruhusu leo ikamvunja mtu, kesho mie naulizwa. Kuna kamati ya waheshimiwa inajifunza mambo ya roboti. Wakishajifunza, njoo."

"Mwenyekiti wa kamati ni nani?"

Aliponitajia, nilicheka kwa furaha. Nilirudi Temeke nimenunua mkate wa mchele, nikamwambia Salum asubiri kidogo tu, Mheshimiwa ni wa kwetu.

Sasa nieleze alivyokuwa anajifunza. Alikuwa na daftari kubwa la jalada jeusi, na kila walipokwenda kutembelea alilifungua, akaandika tarehe kwa mwandiko mzuri sana, akapiga mstari chini yake, akalifunga. Niliwahi kulishika siku alipolisahau kwangu. Tarehe tu, ukurasa baada ya ukurasa. Mwenyewe alikuwa na msemo wake, "Jambo hili tulitazame kwa upana wake," na akishausema ujue hataliangalia tena. Ukimbana zaidi anakwambia, "Tumelipokea." Sijawahi kuona mtu anayepokea vitu vingi kiasi kile na mikono yake ikabaki mitupu.

Kwenye kiwanda kimoja cha sabuni walionyeshwa mkono wa chuma unaopanga maboksi. Mimi nilikuwepo, niliitwa kama mtaalamu wa kujibu maswali. Mheshimiwa alisogea mbele ya wapiga picha, akanyoosha mkono wake ili apeane mkono na ule wa chuma. Mkono ukachukua boksi. Akangoja. Mkono ukachukua boksi jingine. Akangoja tena, kanyoosha vilevile, tabasamu limeanza kumkauka, mpaka fundi wa kiwanda akamwonea haya akamshika yeye ule mkono. Ndani ya gari wakati wa kurudi akasema, "Kuna kiburi katika teknolojia hii. Tukiingiza kila kitu bila kuchuja, watoto wetu wataiga." Wenzake wakaitikia kwamba ni kweli, wataiga.

Siamini kwamba alikuwa mjinga, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Siku moja tulikwenda Chanika kutazama kindege kisicho na rubani kinanyunyizia dawa shamba la mahindi. Wenzake wanapiga picha, yeye akamgeukia mwenye kindege akamwuliza, "Hiki kikimuumiza mtu, nani anaitwa kujibu?" Mwenye kindege akanitazama mimi, mimi nikamtazama afisa, afisa akatazama mahindi. Lilikuwa swali pekee la maana lililoulizwa na kamati ile tangu iundwe, na lilitoka kinywani mwake. Halafu mtu akasema chai tayari, Mheshimiwa akauliza kama kuna chapati, na swali likabaki shambani.

Na ubaya wa kumchukia mtu kama huyu ni kwamba hakukosa msiba. Baba yangu alipofariki, mvua ilinyesha siku mbili, makaburi yamejaa maji. Wajomba zangu wanatazamana nani ashuke. Mheshimiwa, na kanzu yake nyeupe ya pasi, alivua viatu, akashuka kaburini, akampokea baba yangu kwa mikono yake na kumlaza mwanandani taratibu, kama anayemlaza mtoto asiamke. Kaka zangu ndio walionisimulia, na jioni niliiona kanzu yenyewe, tope mpaka kiunoni. Nilimpenda siku ile. Ndiyo maana nilidhani mtu aliyeshuka shimoni kwa ajili ya maiti wetu hatashindwa kumzuia aliye hai asishuke.

Kamati ikaja Mikocheni. Nilifagia karakana, nikakodi turubai, mama akaleta sambusa. Magari yakajaa mpaka jirani yangu anayetengeneza madirisha ya alumini akafunga kazi. Nikamleta Kobe, nikamshusha kwenye tangi, akanyonya matope, akapanda, akaja mpaka mbele ya viatu vya Mheshimiwa na kusimama. Salum alikuwa pembeni kavaa shati lake la Idi. Nilieleza vyura ni nani, wanavyoshuka, wanavyokufa. Nikamaliza, nikangoja.

Mheshimiwa aliinama kidogo akamtazama Kobe. "Mbona haisalimii?"

Nilidhani anatania. "Hii ni ya kunyonya vyoo, Mheshimiwa."

"Binti yangu, mgeni akija hata paka anainua kichwa. Imekuja mpaka miguuni pangu, imenitumbulia jicho, kimya. Mashine ya Kitanzania hiyo?"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema pale pale kwamba chooni hakuna wa kumsalimia. Lakini nilikuwa nataka kibali, na mwenye shida hachagui maneno. Nikasema, "Ni jambo dogo, Mheshimiwa. Nitaiwekea."

Nikamwekea. Nilirekodi sauti yangu mwenyewe, nimeilainisha kama bibi harusi, nikaiunganisha na lile jicho la mbele: likiona kitu, Kobe asimame, aseme, "Shikamoo, Mheshimiwa. Karibu sana." Salum aliposikia alitikisa kichwa. "Zuhura, kule chini nani mheshimiwa?" Nikamwambia anyamaze, kibali kikitoka nitaifuta.

Basi wakaniita kwenye semina yao. Nilikaa pale tangu asubuhi na faili langu la vipimo vya hewa, na kutwa nzima hoja ilikuwa moja: roboti imwamkie nani? Mmoja akasema iwaamkie viongozi. Mwingine akasema kama imetoka nje na imetumika miaka mingi, basi inaweza kuwa na umri mkubwa kuliko kijana wa shule, sasa kijana naye aiamkie? Mama mmoja mbunge wa bara, mtu mzima, akagonga meza. "Jamani, shikamoo ni ya mwenye roho. Chuma kiseme habari za kazi, basi, tuendelee na mambo ya maana." Alizomewa kwa upole. Mheshimiwa akatoa uamuzi, akaufikiria kwa macho yaliyofumbwa kabla ya kuutoa: kwa kuwa roboti zote zimezaliwa jana, zitamwamkia kila mtu, hata mtoto wa chekechea, na hakuna binadamu atakayeiamkia roboti, iwe ya zamani kiasi gani. Wakapiga makofi. Hilo likaandikwa kuwa pendekezo la kwanza. Kuhusu vibali vya matumizi, ikasemwa litakuja kikao kijacho, na hakuna aliyenitajia siku.

Siku ile nilikuwa nimekwenda na Kobe; walimwona mlangoni, wakafurahi, ila wakalalamika ni mfupi, mtu anaamkiwa na kitu kilicho magotini. Nikatumwa Kariakoo kutafuta sanamu la dukani, lile la kuvalishia nguo, nikalifunga juu yake. Wakalivika kitenge na kilemba. Mheshimiwa akaniomba wabaki naye wiki moja, ana ugeni wa kupokea. "Huu ndio ushahidi, binti yangu. Wakubwa wakimwona, kibali chako kitakwenda chenyewe." Nikamwacha. Nikamwacha mdogo wake Salum amevaa kitenge mlangoni anaamkia watu, nikapanda gari nikarudi nyumbani, na njiani nilijiambia nimefanya la busara.

Wiki ikawa miezi. Nikipiga simu kumuulizia Kobe, "Yuko kwenye mafunzo." Nikienda, "Ametoka na Mheshimiwa." Kibali hakuna, mashine hakuna, na vyoo havisubiri kikao. Salum akaendelea kushuka.

Ukuta wa choo cha Mbagala ulimwangukia asubuhi, saa nne, akiwa chini. Wenzake walimvuta kwa kamba. Alipona roho, ila mguu wa kushoto ulivunjika mara mbili, na kidonda kikaingia uchafu kikakataa kufunga. Mheshimiwa alikuja hospitali. Alileta machungwa, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mguu uliofungwa na kulia. Machozi ya kweli, sitamsingizia. Nikamwambia, "Mheshimiwa, nirudishie Kobe tu. Hata bila kibali." Akajifuta macho na leso. "Tumelipokea." Nilikumbuka lile swali lake la shambani Chanika. Roboti ikimuumiza mtu, nani anaitwa kujibu? Aliogopa roboti itakayoumiza, na mbele yake alikuwa amelala mtu aliyeumizwa na shimo lisilo na roboti, na aliyeitwa alikuwa yeye, na amekuja na machungwa.

Miaka ikaenda. Kura zake hazikutosha. Kamati sijui iliishia wapi, nami sikuuliza. Nikakaa nikidunduliza vifaa vya kutengeneza Kobe mwingine. Salum akapona kwa kuchechemea, akawa mshika kamba wa vyura wenzake.

Mwaka huu simu ikaita. "Marahaba, binti yangu." Sikuwa nimesema hata haluu. Alikuwa amehamia nyumba yake ya Kigamboni, na shimo lake la choo limejaa, linatapika uani. Gari la majitaka lilikuja likashindwa kupita, maana kichochoro cha kuingilia alikibana mwenyewe aliposogeza ukuta wake. "Salum hajambo? Mwambie aje na ndoo yake. Mtu wa nyumbani ni mtu wa nyumbani."

Jina alilikumbuka. Mguu alikuwa ameusahau.

Tulikwenda, mimi na Salum, na kamba, na mpira wa pampu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia tangu kwenye daraja. Tulipopanda barazani kwake, kitu kikasogea mlangoni, kikasimama mbele yangu na kusema kwa sauti yangu mwenyewe, ya miaka ile, laini kama ya bibi harusi: "Shikamoo, Mheshimiwa. Karibu sana." Na kutoka kwenye kiti cha barazani, bila hata kugeuka, yule mzee akajibu, "Marahaba."

Kitenge kilikuwa kimepauka. Sanamu limevunjika pua. Lakini betri ilikuwa nzima kabisa, na mke wa Mheshimiwa alipoingia nami jikoni akanieleza sababu. "Anaichaji mwenyewe kila siku. Asubuhi akitoka chumbani anapita mbele yake mara tatu, nne. Wageni hawaji siku hizi, mwanangu." Nilimwonea huruma. Nasema kweli, nilisimama pale na bilauri ya maji mkononi nikamwonea huruma mtu yule. Halafu kupitia dirishani nikamwona Salum ameegemea ukuta, anavua kiatu taratibu ili apumzishe mguu, na huruma yenyewe ikaniisha.

Nilitoka nje. "Mheshimiwa, Kobe ndiye atakayeshuka."

Akashtuka kweli. "Aah, hapana, binti yangu. Huyu ni kumbukumbu. Ataharibika. Salum si huyu hapa? Ni dakika tano tu."

Salum akasema, taratibu, kwa adabu zake zote, "Shikamoo, Mheshimiwa. Mie siku hizi nashika kamba tu." Akaukunja mguu wa suruali mpaka gotini.

Mheshimiwa aliutazama ule mguu kwa muda mrefu. Uani kulikuwa kunanuka, nzi wamejaa, na majirani wameanza kuchungulia juu ya ukuta. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Basi sawa. Ila sauti yake usiitoe. Nakuomba."

"Sitoi, Mheshimiwa."

Nilifungua skrubu nne. Nikalivua sanamu na kitenge chake na kuviweka kwenye kiti alichokiacha Mheshimiwa. Chini yake alikuwepo Kobe wangu, mfupi, mpana, hana sura. Nikaunganisha mpira na pampu, nikawasha taa yake, Salum akafunga kamba, na tukamshusha. Mheshimiwa alisogea ukingoni kutazama, leso puani. Kwenye simu yangu niliona giza, kisha taa, kisha ule uchafu wenyewe, umejaa, umetulia, uko hatua moja mbele ya jicho. Kobe akasimama. Na kutoka chini kabisa, sauti yangu ikapanda na adabu zake zote:

"Shikamoo, Mheshimiwa. Karibu sana."

Mdomo wake ulitangulia akili, kama siku zote. "Marahaba," akasema.

Salum alicheka mpaka akakaa mchangani, kamba mkononi, na miguu yake yote miwili mikavu.